Sifuri Anakwenda kwa Jirani

Faili limeletwa na Nkwabi wa masijala,
limefungwa kwa uzi wa kushonea tumbaku,
linanuka nta.
Kalunde Mihayo, mwalimu, Kitunda.
Madai: malimbikizo ya kupanda daraja, miezi kumi na tisa;
uhamisho; likizo mbili.

Mwandiko niliujua kabla ya jina.
Hiyo k ya mguu mrefu, kama mtu anayeruka dimbwi,
ndiyo aliyonishika mkono nikaiandika vumbini
mwaka ule chaki zilipokwisha mwezi wa tatu.

Mia tatu, toa sabini na nane.
Tulianzia kulia.
"Sifuri hana kitu, anadaiwa nane. Afanyeje?"
Watoto tisini na wawili, wanne wanne kwa dawati:
"Aende kwa jirani akakope!"
"Na jirani akiwa sifuri?"
Kimya. Mbuzi wa mtu akakohoa dirishani.
"Anamngoja mlangoni. Jirani naye aende mbele
kwa mwenye tatu. Akirudi, ndipo wagawane."
Tulicheka.
Tulidhani ni hesabu.

Jumamosi nilimkuta dukani kwa Salmini:
sembe kilo mbili, sabuni nusu mche,
na daftari.
Letu alilisahihisha kwa wino mwekundu,
lake Salmini alilijaza kwa wa bluu.
Kadi yake ya benki ililala Sikonge
kwa mmoja wa wale tunaowaita kausha damu;
tarehe ya mshahara mtu huyo alitangulia mashineni,
mwalimu akafika kuokota kilichobaki.

Lakini ilibidi afike. Lori la mbao kwenda,
lori la asali kurudi.
Siku mbili kila mwezi hatukuwa na hesabu;
masika, nne.
Kugawanya kwa njia ndefu nilifundishwa na Lusangija wa darasa la saba,
naye alikosea.
Hadi leo, mimi, karani wa mishahara wa halmashauri,
nikikutana na kugawanya nainamia kikokotoo
nikijifanya nina haraka.

Sisemi alikuwa malaika.
Alituchumisha tumbaku yake, akaiita stadi za kazi;
utomvu ukatuganda vidoleni, kurasa zikachanika.
Alilala mezani saa nne asubuhi, mdomo wazi,
baada ya kukesha akichochea moto wa bani.
Mkaguzi alikuja siku hiyohiyo.
Ameandika, ukurasa wa kumi na moja:
Mwalimu hana ari.

Nimeichukua hati yake ya mshahara, nikaitafuta hiyo ari.
Kuna kodi. Kuna bima, chama, mfuko wa uzeeni,
kuna mkopo, na mkopo wa kulipia mkopo.
Ari haina mstari.

Chini kabisa, barua yetu ya mwaka jana.
Sahihi ni yangu.
Siku ile zilikuwa mia na kitu, sikusoma majina.
Tunakuomba uwe mvumulivu wakati swala lako likishughulikiwa.
Ameirudisha.
Mvumulivu imezungushiwa wino mwekundu.
Swala pia, na pembeni: huyu ni mnyama.
Pale nilipotoa makato, mkasi mkubwa,
na chini yake ile k inaruka dimbwi:
Kijana, umefunga hesabu sifuri akiwa bado mlangoni.
Nne kwa kumi. Rudia.

Nkwabi anachungulia, anauliza kama alirudishe faili.
Bado, namwambia.
Kikokotoo nimekitia kwenye droo.
Nimevuta karatasi tupu,
naanzia kulia.