Jozi Arobaini na Moja

Breslau humu dukani, gundi ya unga napika,
Gunia huwa la ndani, kwa hariri hufunika,
Vidole humo jelani, kumi vyote hubanika,
Binti huruka hewani, na mie fedha nashika.

Theluji ya Januari, mlango ukagongeka,
Ottilie, wa fahari, kwapani jozi kaweka,
Akanena kwa hiari: "Bwana Rabe, nimechoka,
chukua viatu vyako."

Na hapo kina kikakatika,
nami sikuwa na neno la kuufunga mstari.

Jozi arobaini na moja nilizomshonea,
hiyo aliyoishika ndiyo ya mwisho.
Akaiweka mezani kama meno yaliyong'olewa,
akavua soksi, akasimama.

Miaka kumi na tisa nimevisha miguu ya watu
na sikuwahi kuuona mguu.
Niliujua kwa tarakimu, daftarini, kwa wino.
Sasa huu hapa: ukucha mweusi,
kidole cha pili kimempanda mwenzake
kama ndugu wanaogombea blanketi.
"Sakafu yako ni baridi," akasema,
akacheka. "Sikuwa najua."

Alipanga chumba juu ya ghala la viazi.
Wakaja wapiga chapa wawili, muuguzi,
na kijana wa mwoka mikate, unga ungali nyusini.
Mwezi mzima akawafundisha kupumua.
Mke wangu Mechthild akauliza,
"Kupumua nako kuna ada?"

Usiku wa kwanza, ukumbi wa watu wa reli:
hakuna fidla, kuna ngoma moja
na mpigaji anayengoja kuliko anavyopiga.
Ottilie akaanguka.

Nikainuka kitini.
Kwetu sisi, mchezaji akianguka
fundi hutafutwa usiku huohuo.
Kisha nikakumbuka: hana kiatu.
Ameanguka kwa kutaka, kwa uzito wake wote,
akaliacha dunda la mwili wake lisikike,
lile tulilokuwa tukilificha kwa hariri.

Watu walicheka. Gazeti likaandika: bata mgonjwa.
Nami, nisiseme uongo, nilicheka kidogo.

Ikaja vita.
Ikaja simu ya maandishi, mwaka wa pili, juu ya Jörg wetu.
Mechthild hakulia.
Alikuwa akikunja shuka. Akaikunja.
Akaikunjua, akaikunja tena, pembe kwa pembe,
hadi taa ikaisha mafuta.

Vita vilipokwisha tulikwenda tena ule ukumbi,
nusu ya viti vitupu.
Ottilie alivaa gunia. Gunia lenyewe,
bila kitu juu yake.
Mikononi hana kitu, naye anakikunja,
pembe kwa pembe, anakikunjua,
mgongo ukiinama kila mara zaidi kidogo,
kama mtu anayehesabu na kukosea.
Mechthild akanishika mkono, kucha zikaniingia.
"Nani kamwambia?"

Hakuna aliyemwambia.

Tangu siku hiyo sijui kuieleza kazi yake
kwa mtu anayeniuliza ina uzuri gani.

Wanafunzi wake wametawanyika, Riga, Chicago,
na kila mmoja, nasikia, anamkana
kama yeye alivyonikana mimi.
Huyu hataki ngoma. Yule hataki huzuni,
anataka mashine, watu ishirini wakizunguka kama gurudumu la saa.
Ottilie akisikia hukunja uso,
kisha huniomba chai.

Jana aliingia msichana, nywele fupi, mwanafunzi wa mwanafunzi.
Akazitazama rafu zangu, vumbi tupu.
"Mzee, kuchezea pekupeku ni mambo ya zamani.
Waweza kunishonea kiatu kizito,
chenye misumari, kinachopiga kelele?"

Nikampima mguu, safari hii kwa kuutazama.
Nikawasha jiko la gundi.
Chini ya meza mimi mwenyewe sikuwa na viatu,
yapata miaka minane sasa, nikiwa kazini.
Sikumwambia.