Sinia la Ijumaa

Karatasi ilipotufikia, keki zilishachukuliwa,
biskuti zilishachukuliwa, hata juisi ina mwenyewe.
Lilibaki neno moja pweke: matunda.
Mwanatime akatuandika kwa penseli ya zambarau,
kisha, bila kuniuliza, akaongeza: sinia kubwa.

Alhamisi, saa moja usiku, Leeds,
mvua ile isiyonyesha wala isiyoacha.
Ndiyo saa ya kijana wa vibandiko vya manjano
kupita rafu kwa rafu akishusha bei,
nasi tunaojuana kwa macho tu,
bibi wa koti la kijani, yule fundi wa zamu ya usiku, na mimi,
tunajifanya tunasoma tarehe za maziwa
huku miguu ikimwandama.
Hakuna anayekimbia. Kukimbia ni aibu.
Tunaharakisha kwa adabu.

Mfukoni nina pauni kumi na moja na senti arobaini,
na ile pauni ya toroli, ambayo si pesa, ni amana:
inaingia tunduni, inarudi,
haijawahi kuninunulia kitu.

Sinia lipo, limeshakatwa, chini ya plastiki.
Pauni kumi na nne.
Nikalisalimu, nikapita.

Stroberi: juu tabasamu, chini ukungu.
Nikazirudisha.
Embe moja lauzwa kama lina cheti cha chuo.
Nikaliacha na elimu yake.
"Nataka zile zenye nywele," Faraji akapaza sauti
kutoka kiti cha toroli, akininyooshea kiwi,
na kiwi, alhamdulillahi, zilikuwa na manjano.
Nanasi pia. Zabibu nusu mfuko.
Na tikiti lenye jeraha ubavuni.

Nikalipiga konzi, nikatega sikio.
"Linasemaje?" akauliza bibi wa koti la kijani.
"Linasema limechoka."
Akacheka mpaka akashika rafu,
akachukua la kwake, akaligonga,
akasikiliza kwa muda mrefu kuliko mimi.

Kwa mashine ya kulipia, pamoja na mkate na maziwa:
kumi na mbili na senti tisini na tano.
Ukitoa kitu, taa nyekundu inawaka juu ya kichwa chako
kama mnara wa kuonya meli,
na foleni nzima inageuka wataalamu wa hesabu.
Binti akaja na funguo zake, hakusema neno.
Nikatoa nyembe. Kidevu kitangoja.

Shufaa akarudi saa nne kutoka kwa wazee wake,
sare bado mwilini, harufu ya dawa ya sakafu.
Akanawa hadi viwikoni, akanipokonya kisu:
"Hivyo unakata nanasi au unalipiza kisasi?"
Akaling'oa macho kwa mifereji ya mshazari,
likazunguka mkononi mwake kama ngazi ya mnara,
na mimi nikapewa cheo cha kuosha zabibu.

Sinia letu ni lile la pilau, la bati,
pana kuliko friji yetu na uvumilivu wake.
Tukaliweka dirishani, kioo wazi kidogo:
Februari ni friji isiyodai umeme.

Upande wa jeraha wa tikiti haukupanda siniani.
Tuliula sisi, wima, juu ya sinki,
Mwanatime na nguo za kulalia, maji yakimchuruzika hadi kiwiko,
Shufaa akitema mbegu kwa shabaha kwenye kikombe,
akikosa, akikana kuwa amekosa.
Ulikuwa laini mno, mtamu mno,
dakika chache tu kabla ya kuharibika.
Hakuna aliyeketi. Hakuna aliyeomba sahani.

Asubuhi Mwanatime akahesabu vipande vya kiwi chini ya karatasi ya fedha:
thelathini, na kimoja cha mwalimu.
"Wakiniuliza tulinunua wapi?"
Shufaa alikuwa akitafuta kiatu cha Faraji.
Faraji alikuwa mapajani mwangu,
kiganja chake kikisugua kidevu changu, mbele, nyuma,
uso wake mzito kama wa daktari.
"Baba," akatangaza, "wewe bado hujaiva."