Hasi Tisa

Ubaoni Mwalimu Varvara ameandika:
hasi tisa, toa hasi hamsini na mbili.
Alama mbili za kutoa zimekaa ubavu kwa ubavu
kama majirani wasiosalimiana.
"Kutoa hasi ni kujumlisha!" darasa laitikia,
na Dulustan aitikia nalo, midomo tu.

Kujumlisha hasi hakumsumbui.
Daftari la duka la Prokopi lilikwisha mfunza:
baba alidaiwa rubo mia saba,
akachukua mafuta ya taa ya mia tatu,
likawa shimo la elfu.
Kukopa harusi, kulipa matanga; hapo hesabu inasema kweli.
Lakini hili la leo?
Nimepungukiwa, nawe wanipunguzia tena,
nijaeje?

Jioni shangazi Matriona ataka samaki.
"Nenda pishini. Na usiache mfuniko wazi!"
Hana habari za hesabu, ana sufuria inayochemka.

Nje, kipimajoto cha spiriti
(zebaki iliganda tangu juzi, ikajilalia)
chasoma hasi hamsini na mbili.
Pumzi inatoka puani ikichakarika kama karatasi.
Kope zashikana. Mbwa habweki,
amekunja pua chini ya mkia.

Dulustan ainua mfuniko.
Kutoka ardhini, ardhi isiyoyeyuka hata Julai,
mvuke wamjia usoni.
Mvuke! Kutoka shimo la barafu!
Ashuka ngazi, kipago kwa kipago,
mpaka chini, kwenye samaki waliosimamishwa
kama kuni, macho meupe.
Kipimajoto cha pili, ukutani: hasi tisa.

Asimama.
Kope zaachana. Kidole kidogo cha kushoto,
alichokwisha kukiaga, chaanza kuwasha.
Avua glavu moja, halafu ya pili.
Ameshuka, na digrii zimepanda.
Bado yuko chini ya sifuri, hakuna aliyemdanganya,
barafu ni barafu;
ila baridi ile ya juu ameivua mlangoni
kama koti,
na kilichoondolewa kwake ndicho alichopata.

"We Dulustan! Umekufa humo?"

Kesho yake jibu lake ni arobaini na tatu.
Mwalimu aitazama karatasi: hakuna kanuni, hakuna mishale,
hata mstari wa namba hakuchora.
"Umefikaje hapa?"

Mtoto aangalia mikono yake.
"Nilivua glavu," asema.