Kukabidhi Zamu

Imali, funga mlango. Ripoti ya leo ni fupi.

Kitanda cha kwanza, mzee Vugutsa wa Chavakali:
sukari imeshuka, uji amekunywa nusu kikombe,
anauliza kama ng'ombe wake amekamuliwa.
Mwambie ndiyo. Mimi nimemwambia mara tisa.

Cha tatu na cha nne, wawili wawili.
Dripu ya aliye upande wa ukuta iishe saa mbili.
Glavu hakuna. Nimeandika. Hata juzi niliandika.

Kitanda cha saba kimetandikwa upya.
Usiniulize bado.
Alikuwa na miaka sita na soksi moja.
Soksi ninayo mfukoni, nilisahau kumpa mamake,
au sikusahau.

Saa kumi na robo stima ikapotea,
jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Nikasimama dirishani. Mvua. Mawe ya Maragoli
yakimulikwa na radi, yakizimika.
Nikawaza: laiti ningekuwa jiwe.
Kisha nikawaza jambo jingine, Imali,
na hilo si la mawe.

Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mtu wa nyumbani,
likavuta kiti, likaniita kwa jina la nyanya yangu:
pumzika, Kageha, zamu hii haina wa kukupokea.
Na mimi, miaka kumi na mmoja nikiwaambia watu jikazeni,
sikuwa na neno la kulijibu.
Huja tangu Machi.

Nyumbani hawajui. Kwao mimi ni sista,
karo ya watatu, mabati ya mama,
simu ya kila anayekohoa Lyaduywa nzima.
Waliosema mganga hajigangi
hawakusema basi nani amgange.

Kwa hiyo andika. Usinitazame hivyo, andika:
mgonjwa wa mwisho, hana kitanda.
Mwanamke, miaka thelathini na minne.
Halali. Hula akikumbushwa.
Anafikiria kufa. Asiachwe peke yake.

Imali hakuandika.
Aliilaza kalamu juu ya daftari,
akavuta kiti kile kile, akakikalia.
Nje, mama wa maandazi alikuwa ameanza kuita wateja.
"Daktari Mmboga huingia saa mbili," alisema.
"Tutamngoja hapa, mimi na wewe."

Kisha, baada ya kimya kirefu:
"Nipe hiyo soksi."