Mshale

Geji ya gari hili haina namba.
Ina rangi tatu tu: nyeupe, manjano, nyekundu,
kana kwamba walioiunda, mwaka themanini na nane,
walijua dereva hana haja ya hesabu,
anataka kuambiwa: bado, sasa, au basi.

Tangu Agosti mshale wangu unasema bado.

Nakanyaga mafuta chini ya kilima cha Kvarnbacken,
gia ya tatu, barua za nyumba mia na arobaini kando yangu,
na ule mkono uliozoea kunisukuma mgongoni
haupo.
Injini inavuta kama mtu apandaye ngazi na kikohozi.
Lori la magogo linanipita. Dereva wake ananipungia,
na huruma ya dereva wa lori, niamini, inauma kuliko honi.

Asubuhi, ikiwa baridi, hupanda vizuri tu.
Ndicho kilichonivuruga:
maradhi yanayokuja baada ya kilomita kumi na mbili
na kujificha fundi anapofungua boneti.

Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha chujio la hewa,
nikakuta humo kiota cha panya, nikafurahi, nikadhani nimemshika mwizi.
Siye.
Nikabadilisha pampu ya mafuta.
Gereji ya Torsby wakasema: mama, turbo imekufa.
Wakanionyesha feni yake, ndogo kama ua la karatasi,
wakaitikisa kwa kidole, unaona inavyocheza?
Niliona. Aliyechoka huona chochote anachoonyeshwa.
Krona elfu kumi na nne.
Mshale: bado.

Jirani yangu Alrik anafuga nyuki, hajawahi kuwa fundi.
Alikuja kuazima ngazi,
akakawia kando ya injini inayonguruma, ametega sikio
vile anavyolitega mzingani kujua kama malkia yupo.
"Inapumua mahali isipotakiwa," akasema.
Akaenda, akarudi na kile kikopo chake cha kufukizia nyuki,
kipande cha gunia, na vijiti vya msonobari.
Tukazima injini ingali moto. Hilo alilisisitiza: ingali moto.
Akauziba mdomo wa hewa kwa tambara na glavu yangu ya posta,
akapenyeza pua ya kifukizo, akaminya mivukuto polepole,
fuu, fuu,
kama anavyowaambia nyuki wake: hakuna vita, tulieni.

Tukangoja.
Penye moshi, husemwa, pana moto.
Penye moshi huu palikuwa na ufa:
chini kabisa, nyuma ya bomba, mkono wa mtu mzima hauingii,
uzi mmoja wa buluu ukapanda wima
kutoka kwenye kimpira chembamba kama penseli.
Kikipoa, ufa hufumba. Kikipata moto, hufumbua jicho.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Mimi ukuta nilikwishajenga, nikaupiga na rangi,
na ufa uko palepale, unanitazama.

Kimpira kipya: krona thelathini na tisa
na ngozi ya vidole vyangu viwili.
Alrik alichukua ngazi yake, yaani yangu, akaenda.

Jumatatu, gia ya tatu, nikakanyaga.
Kwanza kimya, kule kusitasita kwa turbo za zamani,
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema neno zito;
kisha filimbi, kisha mkono mgongoni,
mshale ukaingia manjano,
na barua za dashibodi zikanimwagikia mapajani,
hata bili ya umeme ya mjane Sundelius.
Nilicheka peke yangu. Gari zima lilinuka gunia la kuungua.

Kwenye kona ya juu nikasikia mlio mwingine,
mdogo, upande wa kushoto, kama sarafu ndani ya kopo.
Nikafungua redio.