Magunia Saba

Mwalimu Sobczyk alitugawia madaftari,
kila mtu na lake, wiki sita, akasema: pimeni.
Dakika za maji moto. Nyama. Taa. Basi namba kumi na nne.
Kila jioni tukakokotoa kilo za hewa
ambayo hakuna aliyewahi kuibeba begani.

Hapa Rybnik theluji huanguka nyeupe alfajiri,
ikifika saa sita mchana imeshavaa kaniki.
Unyayo wetu hauhitaji hesabu kuonekana,
nikamwambia mwalimu. Akasema: hesabu hata hivyo.

Basi nikahesabu.
Nikaoga dakika tatu, meno yakigongana.
Soseji yangu nikampa paka, naye paka akanona,
nikabaki kujiuliza soseji ya paka inaandikwa wapi.
Baba, ambaye hushuka mgodini kabla hakujakucha,
aliusoma ukurasa akiwa amesimama, glavu mkononi.
"Na hili daftari," akauliza, "umeandika limenunuliwa na nini?"
Sikuwa na safu ya jibu hilo.
Nikaichora.

Kisha nikafika kwa kaka yangu, Witek.
Yuko Dublin, anaunga mabomba ya watu,
na kila Krismasi huja kwa ndege, saa tatu tu angani,
akinukia manukato ya kujaribia ya uwanja wa ndege.
Kuja na kurudi: sawa na magunia saba ya makaa ya mawe.
Nilirudia hesabu mara nne. Saba.

Lakini mzigo huo ni wa nani?
Yeye ndiye anayepanda,
ila mimi ndiye ninayempigia simu Novemba na kumwambia
njoo, mama ameshaanza kupanga sahani.
Nikagawa: matatu na nusu yake, matatu na nusu yangu.
Nikampelekea picha ya ukurasa.
Akacheka, akaniita mkaguzi wa mahesabu.

Tarehe ishirini na tatu, usiku, hodi.
Meli, basi, basi tena, siku mbili kasoro,
na viatu vimekataa kuvulika.
Tukavuta, mama kisigino, mimi ncha,
hadi miguu ikatoka, imeumuka kama mikate ya hamira.
"Haya, Jagna," akasema. "Pima unyayo."

Mama alileta beseni la maji moto
yaliyochemka juu ya jiko la makaa.
Lita sita, nikakadiria. Nikafungua daftari,
nikalitazama,
nikachomeka kalamu sikioni,
nikaenda kuongeza maji.