Mizani ya Ndoana

Lifti ya jengo letu kule Gldani, Tbilisi, ilikula sarafu:
usipoitia tetri kumi haikutikisika,
wala haikuwahi kutoa chenji.

Bibi Lamara ametoka sokoni na jozi,
kilo tatu kamili. Kazipima mwenyewe,
muuzaji akitazama, kwa mizani yake ya ndoana,
kwani Bibi, fundi wa lifti miaka thelathini,
aliamini springi kuliko mkono wa mtu.

Mlango unajibamiza. Naning'iniza mfuko,
jicho kwenye mshale.
Tunang'oka.
Tatu na robo, na ushee!
"Bibi, jozi zimeongezeka."
"Hata moja. Sakafu inatusukuma juu,
nasi twazisukuma,
nazo zina usingizi, hazitaki kuamka."

Ghorofa ya nne, ya saba, ya tisa.
Mshale umerudi kwenye tatu, umetulia tuli
kana kwamba bado tuko sokoni.
Nafumba macho: sijui kama napanda.
Mwili haujui mwendo, anasema Bibi,
mwili hujua badiliko.

Karibu na kumi na sita tumbo likanielea,
jozi zikapungua: mbili na robo tatu tu.
Bibi akacheka, meno ya dhahabu yote mawili:
"Hapa ndipo pa kununulia.
Pa kuuzia tumepaacha chini."

"Na waya ukikatika?"
Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.
"Mshale utasoma sifuri.
Jozi zitakuwa jozi zile zile,
ila hazitakuwa zimebebwa na yeyote."

Miaka ikapita. Novemba aliyofariki
jeneza halikuenea kwenye lifti.
Wanaume sita walilishusha kwa ngazi,
kila kona wakiliinua nusu wima,
wakinong'ona: taratibu, Badri, upande wako.
Mimi na goti langu bovu
nikatia tetri kumi, nikashuka peke yangu.

Ilipoanza kudondoka nikawa mwepesi,
mwepesi kweli, visigino vikasahau viatu,
nikaona haya.
Katikati sikuhisi kitu. Taa tu:
ya nane, ya saba, ya sita.

Kisha, chini, breki zikashika,
na lifti ile isiyotoa chenji
ikanirudishia uzito wangu wote
na ziada.